Makabati ya jikoni: Usiyatupe, yang'arishe mwenyewe

Kuna mambo ambayo mtu huona haya kuyasimulia hadharani. Lakini kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, na wa nyumba moja hawafichani, leo nitakueleza jinsi nilivyoaibika mbele ya mama mkwe wangu kwa sababu ya kopo la rangi.

Tunaishi Buruburu, Nairobi, katika mojawapo ya zile nyumba ambazo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970. Nyumba yenyewe ni imara, lakini makabati ya jikoni yalikuwa yamechakaa kweli kweli. Milango miwili ilining'inia kwa bawaba moja moja, vishikio vingine vilikuwa vimepotea, na ile rangi ya krimu tuliyoikuta ilikuwa imegeuka manjano kwa mvuke na mafuta ya kupikia. Tulimwita fundi atupigie hesabu ya makabati mapya. Alipima, akaandika, kisha akatupa jibu: shilingi 95,000, tena nusu alitaka apewe kabla hajashika msumeno.

Huo ulikuwa mwezi wa Desemba. Januari ilikuwa njiani na karo ya watoto wawili, na mkataba wa kazi wa mume wangu ulikuwa umekwisha tangu Oktoba. Tulimshukuru fundi, tukamsindikiza hadi langoni.

"Kwani sisi wenyewe hatuna mikono?" nikamwuliza mume wangu.

Wazo lilikuwa jema. Kilichotuponza ni haraka. Wakwe walikuwa waje kula Krismasi kwetu, na siku zilizobaki zilikuwa tatu tu. Tulinunua kopo la rangi nyeupe ya mafuta, tukapitisha kitambaa juu ya milango, tukapaka usiku watoto wakiwa wamelala. Siku ya Krismasi jikoni kuling'aa hata wageni wakauliza ni fundi gani aliyetufanyia kazi ile.

Sifa hizo hazikufika Pasaka. Mwezi Machi mama mkwe alikuja kututembelea tena. Aliingia jikoni kutafuta majani chai, akavuta mlango wa kabati, na ganda la rangi lenye upana wa kiganja likabanduka, likabaki mkononi mwake. Alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hii ni rangi ama ni ganda la yai?"

Ningecheka naye na mambo yangeishia hapo. Lakini nilipoinama kuokota vipande vilivyoanguka, nilimwona kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameketi chini ya sinki akitafuna kitu. Nilimtia kidole mdomoni, nikatoa kipande cha rangi. Nilipokigeuza kwenye mwanga wa dirisha niliona si rangi moja, bali tatu: nyeupe yetu juu, krimu katikati, na chini kabisa kijani kibichi iliyopakwa mwaka ambao hakuna ajuaye.

Rangi ya zamani na watoto

Yamkini jambo hili hujapata kulifikiria. Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi katika nchi nyingi duniani walichanganya madini ya risasi katika rangi za mafuta, ili zikauke upesi, zing'are na kudumu. Madini hayo ni sumu. Yakiingia mwilini, iwe kwa kumezwa au kwa kuvutwa puani kama vumbi, hudhuru ubongo na neva. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu miili yao huifyonza risasi kwa wingi kuliko ya watu wazima na ubongo wao ungali unakua. Isitoshe, wao ndio watambaao sakafuni na kutia kila kitu mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Hapa kwetu kiwango cha juu kilichowekwa ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi, lakini kiwango hicho ni cha miaka ya karibuni. Rangi iliyopakwa kabatini miaka 30 au 40 iliyopita haikuulizwa swali hilo.

Wakenya wengi tulisikia habari za sumu ya risasi kupitia mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako wakazi walidhurika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Niliisoma habari hiyo nikawahurumia. Haikunijia akilini kwamba sumu ya aina hiyo hiyo yaweza kuwa imejibanza juu ya mlango wa kabati ninamoweka unga.

Tulimpeleka mtoto hospitalini. Daktari hakutucheka. Aliagiza apimwe damu, na zile siku za kusubiri majibu sitaki kuzikumbuka. Majibu yalipotoka, kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo. Tukaambiwa tuhakikishe haokoti tena vipande hivyo, na tumrudishe baada ya miezi mitatu. Rangi yenyewe hatukuipima. Tuliamua kuichukulia kuwa ina sumu, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo kwa rangi yoyote kuukuu usiyoijua asili yake.

Jioni hiyo hiyo tuling'oa milango yote, tukaifunga ndani ya karatasi ya plastiki na kuiweka mahali mtoto asipofika. Tuliosha sakafu kwa maji na sabuni, bila kufagia, maana ufagio hurusha vumbi. Palipokuwa na milango nikatundika leso. Tukaishi hivyo hadi mvua ndefu zilipopungua.

Mafuta ya chapati

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyefanya useremala kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimwendea na kipande cha rangi mkononi.

"Mzee, rangi tulinunua nzuri. Mbona imebanduka?"

"Mliosha mbao?"

"Tulipangusa."

"Kupangusa si kuosha, mama. Na msasa mlipiga?"

Nikanyamaza.

"Basi rangi yenu haikushika mbao," akasema. "Ilishika mafuta ya chapati."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Sisi tulidhani kazi ni kupaka rangi, kumbe kupaka ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kazi yenyewe ni ile inayotangulia, na ukiiruka, hata rangi ya bei ghali haitakuokoa. Mzee alitufundisha hatua moja baada ya nyingine, nami nakupitishia.

Chunguza kama yafaa kuokolewa

Si kila kabati linastahili jasho lako. Chukua bisibisi ubonyeze mbao kwenye pembe, hasa chini ya sinki panapovuja maji. Ikiwa ncha inazama kama kwenye mkate, mbao imeoza. Gonga pia, mlio wa utupu na unga mlangoni huenda ni kazi ya mchwa au dumuzi. Zile mbao zinazotengenezwa kwa vipande vidogo vilivyogandishwa kwa gundi zikishavimba kwa maji hazirudi tena. Badilisha kipande hicho kabla ya kufikiria rangi. Lakini kama fremu haitikisiki na milango haijapinda, una mali.

Kama milango imefunikwa kwa fomaika, fahamu kwamba andakoti ya kawaida haishiki juu ya kitu laini namna hiyo. Mwulize muuza duka andakoti iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zinazoteleza.

Na ikiwa nyumba ni ya kupanga, pata kwanza ruhusa ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Nimesikia wapangaji waliokatwa pesa zao za amana kwa kosa la kupendezesha nyumba ya mtu.

Fungua na uandike namba

Toa milango, droo, bawaba na vishikio. Usipake rangi juu ya bawaba kama wafanyavyo wavivu. Mlango utakwama na rangi itapasuka. Bandika kipande cha utepe wa karatasi ndani ya kila mlango na uandike namba, kisha andika namba hiyo hiyo kwenye fremu. Milango hufanana machoni, lakini ukijaribu kuirudisha ndipo utakapojua kila mmoja una mwenziwe. Skrubu za kila mlango zitie katika mfuko wake mdogo wenye namba. Kazi hii tuliwaachia watoto wakubwa, nao waliifanya kwa makini kuliko sisi.

Osha, suuza, osha tena

Maji ya moto na sabuni ya vyombo hutosha kwa uchafu mwepesi. Kwa mafuta yaliyoganda juu ya meko, mzee alituambia tutie magadi katika maji ya moto, kiasi cha vijiko vitatu vya kulia kwa lita moja. Magadi haya ndiyo yale ya kulainishia githeri, nayo hukata mafuta vizuri. Vaa glavu, kwa kuwa hukausha ngozi. Sugua kwa sponji, kisha suuza mara mbili kwa maji safi. Magadi yakibaki kwenye mbao, nayo pia yataizuia rangi isishike.

Utajuaje kwamba mafuta yametoka? Nyunyiza matone machache ya maji. Maji yakijikusanya kama shanga, mafuta bado yapo, rudia. Yakitandazika, umeshinda. Acha mbao zikauke siku nzima.

Msasa wenye maji

Hapa nakuomba msomaji uwe mwangalifu. Kwa kabati jipya lisilo na rangi kuukuu, piga msasa mkavu namba 120, kisha 180 au 220, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Lakini kwa kabati kuukuu usiyejua rangi yake, usipige msasa mkavu wala usitumie mashine, na usithubutu kuichoma rangi kwa moto ili itoke. Vumbi lake na moshi wake ndivyo vyenye madhara.

Tumia msasa unaostahimili maji. Ulowanishe, lowanisha na mbao, usugue taratibu. Kwangua rangi iliyolegea pekee, nayo ikiwa imelowa. Ile iliyoshika imara hulazimiki kuitoa. Ikwaruze tu ipoteze mng'ao, ndipo rangi mpya ipate pa kushika na kuifunika isiguswe. Fanya kazi hiyo nje, juu ya karatasi ya plastiki, ukiwa umevaa glavu na barakoa ya kuzuia vumbi laini. Fremu zisizotoka jikoni zifanye siku ambayo watoto wametolewa nyumbani kabisa, na mama mjamzito asikaribie. Ukimaliza, kunja plastiki kwa ndani na kila kilichobanduka, oga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na kama rangi kuukuu inabanduka kila mahali, usijaribu mwenyewe. Ni afadhali kununua milango mipya na kubakiza fremu.

Mashimo ya skrubu za zamani na nyufa zizibe kwa filla ya mbao, iache ikauke, kisha isawazishe kwa msasa. Pangusa kila mahali kwa kitambaa chenye unyevu.

Andakoti ndiyo gundi

Andakoti ni ile rangi ya msingi inayotangulia. Wengi huiona kama gharama ya bure, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Kazi yake ni kushikana na mbao kwa upande mmoja na kushikwa na rangi kwa upande wa pili. Ikiwa kabati lako ni la saiprasi au paini, vifundo vya mbao hutoa utomvu ambao baadaye hupenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya kahawia. Vipake vifundo hivyo shelaki kwanza.

Kwa milango kumi ya kawaida na droo zake, lita moja ya andakoti na lita mbili za rangi zilitutosha. Soma maandishi kwenye kopo, utafute alama ya ubora ya shirika la KEBS, na umwulize muuzaji kama rangi hiyo haina risasi. Rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina, hata iwe ya bei nafuu namna gani, iache dukani.

Paka nyembamba

Paka mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito. Rangi nzito hutiririka, huganda juu na kubaki laini ndani. Anza na upande wa ndani wa mlango, ukikauka ugeuze. Pembe na mitaro tumia brashi. Sehemu pana tumia rola ndogo ya sponji. Rangi ya mafuta huhitaji kama siku nzima kati ya mkono na mkono, na katikati upitishe msasa laini kwa wepesi. Ya maji hukauka mapema zaidi na haina harufu kali, nayo hufaa wenye chumba kimoja.

Fungua madirisha. Maadamu unatumia rangi ya mafuta au tapentaini, usiwashe jiko la gesi, la makaa wala mshumaa karibu, kwani mvuke wake hushika moto. Sisi tulipika kwa jirani siku mbili, tukala mkate siku ya tatu. Chagua pia majira. Wakati wa mvua ndefu rangi hukataa kukauka, na wa Mombasa wenye hewa yenye unyevu wavumilie zaidi ya sisi wa Nairobi.

Kisha kuna jaribio la mwisho, ambalo ni subira. Rangi ikiwa haigandi kidoleni haimaanishi imekomaa. Tuliacha milango juma zima, imeegemezwa bila kugusana, ndipo tukaifunga. Mume wangu alitaka kuifunga siku ya tatu. Nilimwonyesha lile ganda la mama mkwe, ambalo nilikuwa nimelihifadhi ndani ya bahasha juu kabisa ya kabati la nguo. Akaketi.

Hesabu yetu

Kwa kuwa najua utauliza, hii hapa. Msasa karatasi 12, shilingi 720. Andakoti 850. Rangi lita mbili, 1,900. Tapentaini 350. Brashi mbili na rola, 650. Filla 400. Vishikio 13 vipya, 1,560. Bawaba nne, 400. Sabuni, magadi na sponji, 270. Barakoa 200. Jumla shilingi 7,300. Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, lakini linganisha na zile 95,000. Kwa tofauti hiyo karo ililipwa. Hesabu hiyo haina lile kopo la Krismasi, ambalo nalihesabu kuwa ada ya shule yangu mwenyewe.

Nawe mwanafunzi unayeishi katika chumba kimoja chenye kabati moja na meza iliyochubuka, usidhani makala haya hayakuhusu. Anza na meza. Ukikosea, hasara ni ndogo, na ukifaulu utakuwa na ufundi utakaokufaa utakapokuwa na nyumba yako.

Mtoto alipimwa tena mwezi Juni, na kiasi kilikuwa kimeshuka. Daktari akasema ameridhika. Sisi bado tunampangusa mikono kila anapotoka kucheza, mazoea ambayo nadhani hayatatutoka.

Mama mkwe alirudi mwezi Agosti. Sikumwambia lolote. Aliingia jikoni, akauvuta mlango wa kabati la majani chai, akaufunga, akauvuta tena. Kisha akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mlango, akautazama ukucha wake upande huu na upande ule.

"Sufuria ya chai iko wapi?" akauliza.

Jumapili njema.